Kwa Nini Intaneti ya Nyumbani Huchelewa Jioni

Katika miji mingi watu wenye intaneti nyumbani huona jambo la ajabu. Alfajiri picha hufunguka mara moja, na somo refu hupita bila kusimama. Lakini ifikapo saa mbili usiku, kisanduku ni kile kile, waya ni ule ule, na ada iliyolipwa ni ile ile, ila picha husimama-simama na barua hazitoki. Ndipo baba humlaumu mtoto, na mtoto huilaumu kompyuta. Mwisho wa mwezi fedha huongezwa ili kununua kasi kubwa zaidi, na jioni ifuatayo mambo huwa yale yale. Yafaa basi kuijua sababu, maana asiyeujua ugonjwa hununua dawa isiyomponya.

Kwanza ifahamike kwamba habari haipiti katika waya kwa mfululizo kama maji yapitavyo mferejini. Hukatwa vipande vidogo vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti huandikwa mahali iendako, na mwisho wa safari vipande vyote huunganishwa tena. Shauri hili lilibuniwa katika miaka ya 1960 na watu wawili, kila mmoja peke yake: Paul Baran wa Marekani na Donald Davies wa Uingereza. Faida yake ni kubwa, kwa kuwa watu wengi waweza kutumia njia moja, pakiti za huyu zikifuatana na pakiti za yule. Lakini taabu nayo huanzia hapo hapo, kwani njia ya wengi hujaa.

Wengi hudhani kwamba kuchelewa hutoka mbali, ng'ambo ya bahari. Zamani katika Afrika ya Mashariki dhana hiyo ilikuwa na haki, maana habari nyingi zilipitia setilaiti zilizo juu yapata kilometa 36,000. Lakini mwaka 2009 nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kwa njia ya bahari. Ndani yake mna nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, na nuru hupita humo yapata kilometa 200,000 kwa sekunde moja. Njia kuu ikawa pana.

Hata hivyo, mtu aliyewahi kufika Mombasa ajua ya kuwa upana wa barabara hausaidii mbele ya kivuko cha Likoni. Magari huja upesi kutoka mbali, kisha hupanga foleni, kwa sababu feri huchukua kadiri yake tu. Intaneti ya nyumbani nayo ina kivuko chake, na mara nyingi kivuko hicho ki karibu sana na nyumba.

Na itazamwe hesabu. Katika namna moja ya nyaya za kioo itumiwayo sana mijini, uzi mmoja hutoka katika kituo cha kampuni, kisha hugawanywa, mara nyingi kwa nyumba 32. Uzi huo huleta yapata megabiti 2,400 kwa sekunde. Nyumba 4 zikiutumia, kila moja yaweza kupata megabiti 600. Lakini nyumba zote 32 zikiutaka kwa wakati mmoja, kila moja hupata 75 tu. Tena mbele ya kituo, mitaa kadhaa yaweza kushiriki njia moja nyingine. Kampuni huuza kwa kutegemea kwamba wateja wote hawatatumia pamoja. Mchana tegemeo hilo huwa kweli. Jioni, watu warudipo makwao na kufungua sinema, huenda likavunjika. Watumiao mnara wa simu hali yao ni hiyo hiyo, maana mawimbi ya mnara mmoja hugawanywa kwa wote walio karibu nao.

Pakiti zikizidi, hungoja katika foleni penye njia panda. Foleni ikijaa, pakiti nyingine hutupwa, na kompyuta iliyozituma hulazimika kuzituma tena. Jambo hili liliwahi kuleta msiba mkubwa. Mwezi wa Oktoba 1986, huko Berkeley katika jimbo la California, kulikuwa na njia baina ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu, umbali usiozidi mita 400. Kasi ya njia hiyo ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hata biti 40. Barua ya ukurasa mmoja, ambayo ingefika kwa nusu sekunde, sasa ilihitaji karibu dakika 7. Waya haukukatika. Ila kila kompyuta, ilipoona pakiti zake hazifiki, ilizituma tena na tena, na kwa haraka hiyo ikazidi kuijaza njia iliyokwisha kujaa.

Van Jacobson na Michael Karels waliitafuta dawa, na mwaka 1988 ilitangazwa. Kompyuta zilifundishwa kuanza kwa pakiti chache, kuongeza taratibu, na kupunguza sana zionapo pakiti zimepotea. Hata leo kompyuta na simu hufuata adabu yenye asili hiyo. Mwezi wa Machi 2020, watu wengi walipofungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa wa korona, Netflix na YouTube nazo zilipunguza ubora wa picha zao katika Ulaya ili wengine wapate nafasi.

Basi mwenye nyumba afanyeje? Kabla ya kutoa fedha, na apime. Aunganishe kompyuta kwa waya na kisanduku, apime kasi alfajiri na usiku kwa siku kadhaa, na kuandika. Kasi ikiwa njema kwa waya lakini mbaya kwa waifai, msongamano u hewani, kati ya vyombo vyake na vya jirani. Asogeze kisanduku au abadili chaneli. Ikiwa mbaya saa zote, huenda waya una kasoro. Lakini ikiwa njema alfajiri na mbaya usiku, hata kwa waya, wakati nyumbani hamna mwingine atumiaye, yamkini kivuko ki nje. Kununua kasi kubwa zaidi hakutapanua kivuko hicho; kazi hiyo ni ya kampuni, na daftari la vipimo ndilo shahidi wake. Wakati huo huo, mizigo mikubwa ishushwe usiku wa manane, na saa za jioni ziachiwe mwanafunzi mwenye somo. Haraka haraka haina baraka. Hata mashine zimelijua hilo.

Maswali
1. Pakiti ni nini?
2. Kwa nini nyumba 32 hupata kasi ndogo kuliko nyumba 4?
3. Mwaka 1986 haraka ya kompyuta ililetaje hasara?
4. Utajuaje kama msongamano u ndani ya nyumba au nje?