Kahawa ya Pekee Isipoteze Jina Lake Kabla ya Kufika Bandarini

Kahawa inayosafirishwa ng'ambo kupitia Bandari ya Dar es Salaam hutoka mbali: Mbozi, Mbinga na kwingineko katika nyanda za juu kusini. Inapopakiwa melini, ubora wake umekwisha kuamuliwa. Bandari haiwezi kuuongeza. Yaweza kuupunguza tu. Makala haya yanaeleza jinsi kahawa ya pekee inavyopatikana, na kwa nini dhamana ya kuilinda imo mikononi mwa chama cha msingi.

Kwa muda mrefu wanunuzi wameita kahawa ya pekee ile ipatayo alama 80 au zaidi kati ya 100 inapoonjwa, na ambayo buni zake hazina dosari kubwa. Mwonjaji huandaa vikombe 5 kwa kila sampuli. Kikombe 1 kikiwa na ladha mbaya, alama za sampuli nzima hushuka.

Kijana anayelima ekari moja au mbili za familia yake aweza kulifikia daraja hilo, kwani kinachotakiwa ni uangalifu, si ukubwa wa shamba. Huchuma matunda mekundu tu, akiurudia mbuni ule ule mara kadhaa katika msimu. Huyatia majini na kuyaondoa yanayoelea. Huyamenya siku ile ile, huuacha utelezi uchachuke, huosha kwa maji safi, kisha huanika juu ya vichanja. Hugeuza mara kwa mara na kufunika wakati wa jua kali na umande, hata unyevu ushuke kufikia asilimia 11 hivi.

Lakini jitihada hiyo yote yaweza kupotea kwenye mizani ya chama. Kahawa yake ikimwagwa katika lundo moja na kahawa iliyochumwa mbichi, mwonjaji hataitambua, na kijana atalipwa bei ile ile ya aliyevuna ovyo. Msimu wa pili atauliza anajisumbua kwa nini. Wenzake wengi wamekwisha kwenda Kariakoo kuuza bidhaa mikononi; naye akiwafuata, shamba litabaki na wazee.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, mambo manne yazingatiwe:

1. Kahawa ikaguliwe na kupimwa unyevu kabla ya kupokelewa.

2. Iliyo bora itengwe, na magunia yake yapewe namba iliyoandikwa katika daftari la mapokezi, hata kama mwanachama aliyesajiliwa ni baba na mlimaji ni mwanawe.

3. Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na kuta, wala yasicheleweshwe. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi; buni huunyonya, zikapauka na kuota kuvu.

4. Nyongeza ya bei itakayopatikana imfikie aliyeitolea jasho, na hesabu zake zisomwe mbele ya mkutano wa wanachama.

Mizani na daftari kila chama kinavyo. Vikitumiwa kwa haki, kijana atakuwa na sababu ya kubaki shambani.