Injini zina majina, waliozitia moto je?

Wahenga wetu walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huu ulinijia moyoni mwezi uliopita nilipokuwa nimesimama katika uwanja wa Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, nimemshika mkono mjomba wangu, mzee wa miaka 83, mbele ya injini kubwa ya rangi ya damu ya mzee. Macho yake yameingia ukungu, haoni vyema. Akanyosha mkono, akaligusa gurudumu, kisha akaniuliza, "Namba yake ngapi?" Nikamsomea: 5918. Akasema, "Mount Gelai. Hini naijua."

Msomaji mpenzi, safari hii haikuwa shauri langu. Mjomba aliingia kazi ya reli mwaka 1959, akiwa kijana wa Mvita aliyekwisha kuhitimu chuoni, lakini ya skuli hakuwa nayo mengi. Alianza kwa kufuta injini masizi, akapanda akawa fayamani, yaani mtia moto, na kazi hiyo akaifanya hadi injini za mvuke zilipokuwa zikimalizika kwenye miaka ya mwisho ya 1970. Tangu hapo hakuwahi kuiona tena injini aliyoihudumia. Mwaka huu, baada ya Idi, aliniita barazani kwake akaniambia, "Mpwa wangu, nataka kuziona zile gari kabla macho hayajafunga kabisa. Nipeleke." Mjomba akikwambia nipeleke, huulizi mara mbili.

Tulipanda treni mpya ya reli pana, ile iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, tukashuka Syokimau. Mzee njia nzima hakusema kitu, ila alilalamika kidogo kwamba treni haina sauti. Pale Syokimau tulipanda treni ya abiria ya mjini, ambayo hupita juu ya reli ya zamani. Haukupita muda akaanza kugonga goti lake kwa vidole, akifuatisha magurudumu yanavyogonga viungo vya reli. Akatabasamu. "Sasa tunakwenda," akasema.

Makumbusho yenyewe hayako mbali na stesheni kuu. Yalifunguliwa mwaka 1971, wakati Shirika la Reli la Afrika Mashariki lingali la nchi tatu pamoja, na mtunzaji wake wa kwanza alikuwa Fred Jordan. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikachukua chake, lakini vitu hivi vilibaki hapa. Ndani mna taa za ishara, mashine za tiketi, vyombo vya mezani vya daraja la kwanza, na picha za tangu reli ilipoanza kulazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwezi Desemba 1901. Liko pia benchi la mbao lililokuwa likifungwa mbele ya injini ili wakubwa wakae watazame wanyama. Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alisafiri kwa mtindo huo mwaka 1909.

Lakini kitu ambacho wageni wengi hukikimbilia ni behewa namba 12. Ni behewa dogo la ukaguzi, la mbao, limetunzwa vizuri. Mwezi Juni 1900 lilisimamishwa penye kituo cha Kima, ndani yake mkiwa na afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall na wenzake wawili, Mjerumani na Mtaliana, wakimvizia simba aliyekuwa akila watu hapo. Zamu ilikuwa ya Ryall, usingizi ukamchukua. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, na behewa lilipoinama kwa uzito wake mlango ule ukajifunga nyuma yake. Akamkamata Ryall, akatoka naye dirishani. Mwenyewe nilichungulia lile dirisha nikasisimkwa mwili. Watoto wa skuli waliokuwapo walipiga kelele za hofu na furaha pamoja.

Mjomba alinisikiliza nikimsomea maelezo yote, kisha akauliza, "Na makuli, wameandikwa wapi?"

Ama hapo msomaji, sikuwa na la kumjibu ila hesabu. Wahindi walioletwa kuijenga reli hii walikaribia 32,000, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwamo Waislamu wengi. Waliokufa wanahesabiwa 2,493. Reli kutoka Mombasa hadi Kisumu ilikuwa maili 582. Ukigawa, utapata zaidi ya watu wanne kwa kila maili moja. Ryall tunamjua kwa jina, kwa cheo na kwa behewa alilolalia. Hata wale simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi mwaka 1898, mabaki yao yamewekwa katika jumba la makumbusho la Chicago, wanatazamwa hadi leo. Lakini katika wale 2,493, msomaji, mimi na wewe tunaweza kumtaja nani? Labda watu wa pwani watamtaja Seyyid Baghali aliyezikwa Mackinnon Road kando ya reli, ambaye husimuliwa kwamba karai la kokoto lilikuwa likielea juu ya kichwa chake akifanya kazi. Huyo amekumbukwa kwa kuwa watu waliomuamini walimjengea msikiti.

Tukatoka uwanjani kwenye injini. Zimepangwa kwenye njia zao, ndogo kwa kubwa, nyingine zimepakwa rangi upya na nyingine kutu imezianza. Iko ile 3020 iliyoitwa Nyaturu, kwa jina la kabila la Tanzania. Mount Gelai ndiyo jabali lao. Injini za aina yake zilikuwa 34, zilizoundwa Manchester na kiwanda cha Beyer, Peacock katikati ya miaka ya 1950, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Uzito wake ni tani 252. Hazikupata kuundwa injini za mvuke kubwa kuliko hizo kwa reli ya upana wa mita moja. Boila limebebwa katikati, na chini yake, mbele na nyuma, pana seti mbili za magurudumu zinazogeuka kila moja peke yake. Kwa hivyo injini ndefu kama hii iliweza kupinda kwenye kona za Mazeras, ikivuta mzigo wa tani 1,200, ikitoka usawa wa bahari kupanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Kijana mmoja mtumishi wa hapo, mwenye adabu zake, alimsaidia mzee kupanda ngazi hadi chumba cha dereva. Nilihofia ataanguka. Lakini alipofika juu hakuhitaji msaada wa mtu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye vali ya mafuta, bila kupapasa. Akatufundisha sote wawili: injini hizi zilichoma mafuta mazito, na mvuke ndio uliokuwa ukiyarusha motoni. Kazi ya fayamani ni kutazama bomba la moshi. Moshi ukiwa mweusi tii, mafuta yamezidi na masizi yanaziba mirija. Ukipungua mno, moto unataka kuzimika. Unatafuta moshi mwepesi wa kijivu, na kila kilima kina kipimo chake. Mizigo mirefu walikwenda nayo watu wa zamu mbili, wengine kazini, wengine wamelala katika behewa dogo lililofungwa nyuma ya injini. "Na sala?" nikamuuliza. Akasema humo humo behewani. Reli kutoka Mombasa yaelekea kaskazini magharibi, nao wazee wetu kaskazini huiita kibla, basi kibla yako iko begani kuume, ila ujihadhari na kona.

Kisha akatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa daftari. Mimi ni mpwa wake, nimekula nyumbani kwake tangu utotoni, na daftari hilo sikupata kuliona. Jalada limechakaa, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ndani, kwa kalamu ya risasi na kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni, ameandika safari zake kwa Kiswahili: tarehe, namba ya injini, jina la dereva, la fayamani, la gadi, na la yule aliyeifuta injini asubuhi yake. Miaka kumi na saba ya watu. Ukurasa mmoja una mstari mweusi kando. Siku ile moto ulirudi nyuma kupitia mlango wa tanuri, ukamuunguza kijana wa Majengo aliyekuwa akijifunza kazi. Siku ya tatu akafariki. Jina lake nalihifadhi mpaka nipate idhini ya jamaa zake. Mjomba asema hakuliona kuandikwa mahali pengine popote.

Yule kijana mtumishi aliomba kulitazama. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifungua kwa upande wa kushoto, akakuta kurasa tupu. Mzee akacheka, akamgeuzia. Kijana akatazama yale maandishi muda mrefu, akasema, "Mzee, hili lingefaa kukaa hapa." Mjomba akalichukua, akalirudisha mfukoni. Alipokwisha kushuka chini aliniambia pole pole, "Nikiwapa, nani atalisoma? Litakuwa chuma kingine."

Njia nzima ya kurudi tulilizungumza jambo hilo, na kabla ya kufika Voi tulikwisha kuagana. Daftari liko nyumbani kwangu sasa. Kila baada ya sala ya isha nakaa na mzee, mimi nikisoma na yeye akinisahihisha, nalihamisha kwa herufi za Kirumi. Sharti lake ni moja: nisimruke mtu, hata wale wafuta masizi. Likimalizika, asili na nakala zitakwenda zote mbili Nairobi. Tumefika mwaka 1968, na baadhi ya usiku sauti yake huchoka tukafunga mapema.

Ewe msomaji wa Mombasa, wa Voi, wa Mazeras, huenda babako au babu yako alikuwa dereva, gadi, fundi au mlinzi wa kivuko. Fungua kasha lake. Yaliyomo kwa herufi zetu za Kiarabu yanasomeka bado na wachache walio hai, na mzee mwenyewe akiwa hai muulize leo. Nami naaga kwa ubeti mmoja niliomtungia mjomba:

Nimeliona jabali, la chuma lisopumua,
Lilotoka pwani mbali, mizigo likachukua,
Wenye jasho la halali, majina hatukujua,
Waulizeni wazee, wangali wana kauli.