Pikipiki Iliyofyatua Risasi Matsangoni

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mawingu nayo yataka mjuzi wa kuyasoma. Hayo niliyaona kwa macho yangu Matsangoni, kando ya ile barabara kuu ya Mombasa na Malindi.

Mpwa wangu anayo pikipiki kuukuu, Honda CG125. Chombo hicho Wajapani walianza kukiuza mwaka 1976, na muundo wa mota yake ndio ulioigwa baadaye na Wachina katika pikipiki nyingi za bodaboda tuzionazo leo. Alfajiri huchukulia samaki Uyombo, jioni hubebea abiria. Ndiyo riziki yake na ya mamake, dada yangu.

Basi ikazuka kero. Kila akiachia mafuta ili apunguze mwendo, bomba la moshi hulia pa! pa-pa! mfano wa bunduki. Jioni moja alipita mbele ya msikiti watu wamo katika swala ya Magharibi. Mlio ukapasuka mara tatu. Mtoto akaangua kilio, na bibi kizee aliyekuwa njiani akaangusha mtungi wake. Wazee wakamwita barazani. Wakamwambia kama ni mchezo auache, na kama ni maradhi ya chombo ayatibu, lakini mpaka hapo asipite nacho mtaani.

Fundi mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba kabureta imekufa. Dada yangu akauza beberu wake, kabureta nyingine ikanunuliwa, ikafungwa; mlio ukabaki vile vile. Fundi yule sasa akataka kuifungua mota yote. Hapo nikasema, "Ngoja kwanza, mwanangu," tukaisukuma hadi kwa mzee mmoja wa pale pale Matsangoni, fundi wa siku nyingi.

Mzee hakushika spana. Aliuliza, "Hulia ukivuta mafuta au ukiyaachia?"

"Nikiyaachia, babu."

"Basi tuanze nyuma, kabureta tutaijia mwisho."

Akatueleza, nami naeleza kama nilivyofahamu. Unapoachia mafuta ghafla na pikipiki bado yaenda kasi, mota hupata mchanganyiko hafifu: petroli kidogo isiyoshika moto sawasawa ndani ya silinda. Petroli hiyo hutoka mbichi hadi ndani ya bomba lenye joto kali. Peke yake huenda ikapita kimya. Lakini bomba likiwa na upenyo karibu na silinda, kila moshi unapotoka kwa mkupuo huacha nyuma yake mvuto, na mvuto huo hunyonya hewa ya nje. Hewa, petroli na joto vikikutana, ndio mlipuko.

Kwa hiyo alianza pale bomba linaposhikana na silinda, mota ikiwa baridi. Palikuwa na masizi meusi yaliyotapakaa kandokando, na hiyo ni alama ya kwanza. Akapaka maji ya sabuni, akaiwasha, na mara povu likachemka. Kisha akaziba kinywa cha bomba kwa tambara nene, kwa nukta chache tu. Bomba zima likizibwa hivyo, mota hukabwa ikazimika; letu likapiga mluzi pale pale penye povu. Gasketi ilikuwa imeliwa, na nati moja imelegea kwa kutu. Sisi watu wa pwani hewa yetu ina chumvi, na chuma hakina urafiki na chumvi.

Akaweka gasketi mpya, akakaza nati zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo, ili bomba lisikae upande. Milio ikapungua sana, ila haikwisha.

Ndipo akaijia kabureta. Alikagua kwanza kipande kinachoiunganisha na silinda, asije akawa anaachia hewa ya wizi, kilikuwa kizima. Akafungua plagi: ncha yake nyeupe kama chokaa. Nyeupe ni njaa ya petroli, nyeusi ya masizi ni shibe iliyozidi, na rangi ya hudhurungi ndiyo afya. Akasafisha kijitundu cha jeti ndogo, ile ilishayo mota mafuta yakiwa yameachiwa. Kisha mota ikiwa moto akaigusa ile skrubu ya mchanganyiko, robo mzunguko kwa robo mzunguko, hata mngurumo ukatulia. Akamwonya kijana: skrubu ikiwa upande wa chujio la hewa, aghalabu huongoza hewa, na kuifungua huzidisha njaa; ikiwa upande wa mota huongoza petroli, na kuifungua huongeza shibe. Asiyejua tofauti hiyo huharibu akidhani anatengeneza.

Kazi yote ilikwisha kabla ya adhuhuri, na gasketi ile bei yake haikufikia hata mguu mmoja wa beberu.

Jioni hiyo tulipita mbele ya msikiti. Mpwa wangu akaachia mafuta, nami nikashika pumzi. Pikipiki ikapoa kimya, wala hakuna aliyegeuza shingo.

Tulipofika nyumbani nilimsimulia dada yangu kisa chote, povu, masizi na gasketi. Alisikiliza hata mwisho, kisha akaniuliza, "Na beberu wangu je, kaka?"

Sikuwa na jibu.