Kijani Kisicho Kimoja: Ziara ya Nchi ya Chai kutoka Bomet hadi Kericho kupitia Roret

Ziara za wanafunzi wa Kiswahili aghalabu huelekea pwani: Lamu, magofu ya Gede, Ngome ya Yesu. Si ajabu, kwani huko ndiko lugha hii ilikolelewa. Hata hivyo, Kiswahili kina makao mengine bara ambayo hayazuriwi kwa nadra tu, bali hayafikiriwi kabisa kuwa ya kuzuriwa kwa ajili ya lugha. Mojawapo ni nchi ya chai ya Kericho na Bomet, ambako Kiswahili hakikufika kwa jahazi bali kwa mkataba wa kibarua. Makala haya yanaeleza jinsi nchi hiyo inavyoweza kuzuriwa kwa njia ya barabara, na yanashikilia kwamba mandhari yake ni matini: yana waandishi wake, na yana watu waliofutwa ndani yake.

Utanzu wenyewe wa safari si mgeni katika nathari ya Kiswahili. Salim bin Abakari, mzaliwa wa Ngazija, alisafiri Urusi hadi Siberia mwaka 1896, na masimulizi yake yakachapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika mkusanyiko wa safari za Waswahili. Msimulizi huyo haishii kwenye majengo makubwa ya miji. Anawatazama watu na maisha yao. Mtalii wa leo anayepita nchi ya chai hufanya kinyume. Hutazama majani, akapiga picha, akaondoka.

Msafiri atokaye Nairobi kupitia Narok huingia kwanza Bomet. Wengi hupita upande huo wakiwa na Maasai Mara akilini, wala hawatambui kwamba wanavuka chimbuko la kile wanachokwenda kukitazama: Mto Nyangores, unaopita hapa, huungana na Mto Amala na kuwa Mto Mara. Karibu na mji ipo hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1937, ambayo imepata kujizalishia umeme kutokana na maporomoko ya mto huohuo. Maporomoko hayo yanafaa kutazamwa kabla ya kuendelea.

Kutoka Bomet barabara hufika Kaplong, na hapo ndipo mwanafunzi wa isimu anapopaswa kuanza kusoma vibao. Kaplong, Kapkatet, na Kapsabet kule Nandi: kiambishi kap- katika lugha za Wakalenjin hudokeza nyumbani au mahali pa mtu ama kitu fulani, na kazi yake haiko mbali na ile ya "kwa" katika Mukuru kwa Njenga. Nchi iliyojaa majina ya aina hiyo inatangaza kwamba kila kipande chake kilikuwa na mwenyewe. Jambo hili ni la kukumbuka msafiri atakapofika kwenye mashamba makubwa. Sotik nayo iko jirani. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza liliivamia Sotik kuwaadhibu Wakipsigis kwa mifugo waliyoiteka kutoka kwa Wamaasai, na watu wengi wakauawa. Dirishani pa basi hakuna kinachoonyesha hivyo.

Roret iko kando ya barabara kuu, katika Bureti, ndani ya Kaunti ya Kericho. Haimo katika orodha za vivutio. Hata hivyo, atakayetaka kuielewa nchi ya chai na akajaliwa kituo kimoja tu, akichague hiki. Hapa chai ni ya wakulima wadogo. Shamba lina michai, lakini pia lina nyumba, mahindi, ng'ombe wawili watatu, mikaratusi ya kuni, na mananasi ambayo Roret inajulikana kwayo. Kijani chake kimekatikakatika kama kitambaa cha viraka. Baada ya Litein, kuelekea Kericho, kijani hubadilika: kinakuwa zulia moja lililosawazishwa, linalopanda vilima na kushuka bila nyumba hata moja isipokuwa safu za nyumba za wafanyakazi. Mgeni husifu zulia kuliko viraka. Mpaka kati ya vijani hivi viwili si wa kijiografia; mvua ni ileile na udongo ni uleule. Ni mpaka wa kihistoria.

Chai ililetwa Kenya mwaka 1903 na kupandwa Limuru. Kericho ilifikiwa baadaye. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 hapa kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, lakini ardhi haikurudishwa kwa Wakipsigis: katika miaka ya 1920 kampuni za chai, Brooke Bond na ile ya James Finlay, zilijikita Kericho. Mwafrika kulima chai yake mwenyewe kulizuiwa hadi miaka ya 1950. Mamlaka ya kuwahudumia wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964. Kwa hiyo kila kiraka cha michai pale Roret ni kichanga kuliko zulia lililo jirani yake kwa miongo mitatu au zaidi, ingawa wenye viraka ndio wenyeji.

Mashamba makubwa yalihitaji mikono mingi. Walikuja Wakisii, Waluo, Waluhya na wengineo, na lugha iliyowakutanisha ilikuwa Kiswahili. Msamiati wake bado unasikika na unastahili kukusanywa kabla haujapotea: nyapara, aliyesimamia kazi, kipande, cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba kuanzia mwaka 1920 hivi hadi kilipofutwa mwaka 1947, na ambacho kilikuwa pia kipimo cha kazi ya siku, na bonasi, neno ambalo kwa mkulima wa Roret lina uzito kuliko istilahi nyingi za kamusi, kwa kuwa ndilo malipo ya mwisho wa mwaka yanayotegemewa kwa karo. Mchumaji hufunzwa kukata majani mawili na chipukizi lake. Mashine haina uangalifu huo, lakini ina kasi, na mwaka 2023 mashine za kuchumia chai zilichomwa moto Kericho na vijana waliolalamika kwamba zimewanyang'anya kazi.

Mji wa Kericho una vya kutazamwa vingi. Kuna kanisa kuu la Kikatoliki la Moyo Mtakatifu, lililowekwa wakfu mwaka 2015, ambalo paa lake hupanda kadiri mtu anavyoielekea altare. Kuna hekalu la Masingasinga, linalowavuta mahujaji kutoka ng'ambo kwa sababu Baba Puran Singh aliishi hapa. Nje ya mji liko bustani la miti la Chagaik kando ya bwawa lake, pahali patulivu mno.

Asiyeonekana ni Mtalai. Ukoo wa Talai ndio uliotoa viongozi wa kiroho walioitwa orkoiik. Mwaka 1934 wakoloni walitunga sheria mahususi ya kuuhamisha, na mamia ya watu wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, penye joto na malale, wakakaa huko hadi karibu na uhuru. Mwaka 2022 Watalai pamoja na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Kampuni zilizorithi mashamba zimebadilisha majina na wamiliki, na mabango ya langoni yamepakwa rangi upya mara kadhaa.

Hata jina la mji halijatulia. Wapo wanaolihusisha na kerichek, yaani dawa kwa Kikipsigis, na wapo wanaolitoa kwa kiongozi wa Kimaasai aliyeitwa Ole Kericho. Maelezo ya kwanza huufanya mji kuwa wa mganga, ya pili huufanya kuwa wa jirani aliyepita. Mwongozaji wa watalii hutoa moja na kuendelea na safari. Wazee wa Roret, wakiulizwa kwa adabu na kupewa muda, hawatakubaliana, na mabishano yao ndiyo ya kunakiliwa daftarini.