Si uvivu: Kuishi na mtoto mwenye selimundu ambaye huchoka kabla ya saa nne asubuhi

Mtoto akisema amechoka saa nne asubuhi, watu hawakawii kumtafutia jina. Mvivu. Mdekaji. Ati anahepa hesabu.

Lakini kuna mtoto ambaye uchovu wake huanzia ndani ya damu, na hakuna kemeo wala kikombe cha chai kitakachouondoa. Huyo ni mtoto mwenye selimundu, au siko seli kama wengi wetu tunavyouita ugonjwa huu mtaani.

Mimi naishi na mmoja. Kitinda mimba wetu ana miaka kumi, yuko Gredi ya Nne, na nyumba yetu iko ghorofa ya nne hapa Kileleshwa, karibu na Othaya Road. Mama hutoka alfajiri kwenda kazini. Mimi niko chuo, kwa hivyo ndiye ninayemwamsha, namvalisha sweta na kumpokea jioni.

Maumivu ya selimundu yanajulikana. Mtoto akilia usiku kwa kuumwa na mifupa, nyumba nzima huamka. Uchovu hauna kelele. Ndiyo maana hupuuzwa nyumbani, hupuuzwa shuleni, na hata kliniki hausemwi kwa sababu foleni ni ndefu na daktari ana dakika chache.

Damu isiyokaa

Seli nyekundu za kawaida ni laini, za mviringo, na huishi takriban siku 120. Ndani yake mna hemoglobini, inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu hadi kila pembe ya mwili.

Kwa mwenye selimundu, hemoglobini ikishatua oksijeni hushikana na kuwa ngumu, na seli hupinda ikafanana na mundu. Seli hizo hukwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu hutoka. Pia huvunjika mapema. Nyingi haziishi zaidi ya siku 10 hadi 20.

Uboho wa mifupa hujikaza kutengeneza nyingine usiku na mchana, lakini haufikii. Mtoto wa umri wa kitinda mimba wetu asiye na tatizo la damu huwa na hemoglobini ya gramu 11.5 au zaidi kwa desilita. Wengi wenye selimundu huishi na kati ya 6 na 9.

Moyo nao hulazimika kupiga kwa kasi ili kuisambaza hiyo oksijeni kidogo iliyopo. Mtoto ameketi tu dawatini, lakini mwili wake uko kama wa mtu anayepanda mlima.

Upungufu wa damu si sababu pekee. Figo za mwenye selimundu hazizuii maji vizuri, kwa hivyo mtoto hunywa sana na kuamka mara nyingi usiku kwenda haja ndogo. Wengine hukoroma kwa sababu tonsili zimevimba, na oksijeni hushuka wakiwa usingizini. Kuna maumivu madogo madogo ambayo mtoto ameyazoea hata hayasemi. Na kuna huzuni ya kuwa yule anayebaki nyuma kila siku.

Kwa hivyo mtoto anaweza kulala saa tisa na kuamka akiwa amechoka. Daktari anapaswa kuambiwa hayo yote. Ukimsikia akikoroma au kushtuka usingizini, andika, kisha useme kliniki. Usingoje uulizwe.

Kwa nini wengi Nairobi hawaujui

Selimundu ina historia ndefu nchini Kenya. Mwaka 1949, Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini na kulelewa Gilgil, alikuja Kenya na kundi la watafiti wa chuo kikuu cha Oxford akiwa bado anasomea udaktari. Alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali na kuona jambo la kushangaza: wabebaji wa jeni hii walikuwa wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, lakini wachache mno katika nyanda za juu.

Mwaka 1954 alichapisha jibu lake. Mtu aliyerithi jeni moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, jeni hiyo ilibaki na kuenea. Kwenye baridi ya nyanda za juu, haikuwa na faida.

Hiyo ndiyo sababu mwalimu aliyekulia sehemu za milimani anaweza kufundisha miaka mingi bila kukutana na mtoto mwenye selimundu. Lakini watu wamehama. Familia zetu zilitoka Busia, Siaya, Kilifi na kwingineko zikaja kutafuta kazi mjini, na damu zikaja nazo. Kuuita ugonjwa wa kabila fulani ni kumwongezea mtoto mzigo mwingine juu ya ule alio nao.

Na tahadhari moja: mwenye jeni mbili, yaani mgonjwa mwenyewe, hana hiyo kinga ya kutegemea. Malaria humwangusha vibaya. Mkipanga safari ya ushago Desemba, muulize daktari mapema kuhusu dawa ya kuzuia malaria, na mbebe neti.

Raundi nne za uwanja

Muhula mmoja, somo la michezo liliangukia alasiri ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza. Mwalimu wa zamu aliagiza darasa likimbie raundi nne. Kitinda mimba aliomba kupumzika baada ya raundi ya kwanza. Akaambiwa aache maigizo.

Alizimaliza zote nne, maana hakutaka kuchekwa. Usiku huo miguu ilianza kuuma. Tulikaa naye hospitalini siku tano.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yule mwalimu hakuwa na chuki. Aliona mtoto asiye na jeraha wala homa, akaamua anajifanya. Mama alipoenda shuleni alibeba barua ya daktari na akaomba kuketi na mwalimu wa darasa. Hakwenda kugombana. Walikubaliana mambo machache ambayo hayagharimu shilingi:

Chupa ya maji ikae dawatini, na ruhusa ya kwenda msalani isiwe ya kuombwa mara tatu.

Sweta isivuliwe kwa sababu ya sare, na asisimamishwe gwarideni kwenye manyunyu.

Michezo acheze, lakini apumzike anapotaka, bila kuulizwa mbele ya wenzake. Kuogelea kwenye maji baridi hapana, kwa sababu baridi ya ghafla huamsha maumivu.

Vitabu vizito vibaki darasani. Na akikosa shule, mwenzake mmoja awe wa kumpigia picha madaftari.

Tangu hapo amekuwa refa wa mechi za darasa lao. Anapuliza kipenga kwa madaha, na wakubwa wanamtii.

Betri imebaki ngapi?

Nyumbani tuligundua kwamba swali la "umechoka?" halisaidii. Mtoto hujibu "hapana" ili asizuiwe kucheza, au "ndiyo" ili asioshe vyombo. Ni mtoto kama wengine.

Sasa tunauliza betri. Yeye mwenyewe ndiye aliyeleta lugha hiyo kutoka kwa simu. "Dada, niko thelathini," atasema akiingia mlangoni, nami najua homework itasubiri hadi apumzike nusu saa na anywe uji. Akisema sabini, tunashuka.

Kwa wiki mbili nilimwandikia daftari: saa ngapi nguvu zilikuwa juu, saa ngapi zilianguka, alikula nini, alilala vipi. Tuliona kwamba asubuhi baada ya uji hadi kabla ya saa nne ndio wakati wake mzuri. Kwa hivyo wikendi hesabu inafanywa mapema, na kupaka rangi kunabaki alasiri. Siku ya kliniki hatupangi jambo jingine, na kesho yake pia tunaiacha wazi.

Nguvu zake ni kama tokeni za stima. Ukizimaliza zote Jumatatu kwa sababu umeamka fiti, Jumanne utakaa gizani. Siku nzuri ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa kuwa ndiyo siku anayotaka kulipiza michezo yote aliyoikosa.

Ngazi zina sheria yake. Lifti ikiharibika, tunapanda ghorofa moja, tunasimama, tunasimuliana kitu, tunapanda nyingine. Hakuna anayehesabu dakika.

Kumlaza kitandani siku nzima pia si dawa. Misuli isiyotumika huchoka upesi zaidi. Jumamosi jua likitoka tunaenda Arboretum, tunatembea polepole chini ya miti, tunakaa tukiona tumbili wakiiba ndizi za watu, tunatembea tena. Mwendo mdogo wa mara kwa mara humfaa kuliko mbio za siku moja.

Bitiruti haitoshi

Kila jirani ana ushauri wa kuongeza damu. Bitiruti, managu, maharagwe: vyote ni chakula kizuri, na mtoto huyu anahitaji kula vizuri kwa sababu mwili wake hutumia nguvu nyingi hata akiwa amepumzika. Lakini usimnunulie vidonge wala dawa ya maji yenye madini ya chuma bila kipimo. Seli zinapovunjika, chuma hubaki mwilini, na kila anapoongezewa damu huingia kingine. Chuma kikizidi huharibu ini na moyo. Anachopewa kwa kawaida ni asidi ya foliki, inayosaidia uboho kutengeneza seli mpya.

Dawa iliyobadilisha mambo ni haidroksiurea. Huufanya mwili utoe tena hemoglobini ya utotoni, ile ya mtoto akiwa tumboni, ambayo haipindi seli. Utafiti uliofanywa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na huku kwetu Kilifi, ukachapishwa mwaka 2019, ulifuatilia watoto zaidi ya 600 waliotumia dawa hiyo. Maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, malaria na vifo pia. Hutolewa na daktari na huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Kama mtoto wenu hajawahi kuandikiwa, ulizeni kwa nini.

Uchovu wa kukimbiza hospitali

Uchovu wa kila siku una mwendo wake, na aliye karibu na mtoto huujua. Ule unaobadilika ghafla ni jambo lingine. Mtoto akipauka midomo na viganja ndani ya saa chache, akawa mlegevu, au tumbo likavimba upande wa kushoto chini ya mbavu, huenda bandama imenasa damu nyingi. Hapo hakuna kungoja asubuhi.

Vivyo hivyo akiwa na homa, akipumua kwa shida, akiumwa kifua, akipata maumivu makali ya kichwa, au mkono na mguu wa upande mmoja ukikosa nguvu. Hicho cha mwisho kinaweza kuwa kiharusi, ambacho huwapata hata watoto wadogo wenye selimundu. Ita teksi, piga simu ukiwa njiani.

Wewe kijana

Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuwa na ugonjwa. Miongoni mwa ndugu wasiougua, kwa wastani wawili kati ya watatu hubeba jeni bila kujua. Mimi ni mmoja wao. Kipimo ni cha damu tu, na ni afadhali kuyajua haya ukiwa na miaka 20 kuliko ukiwa wodini na mtoto mchanga.

Na kama nyumbani kwenu, darasani au kwenye ploti yenu kuna mtoto wa aina hii, huhitaji kuwa daktari. Mshikie begi ngazini bila kusema kitu. Mchague kwenye timu hata kama atacheza dakika tano. Akisema amechoka, amini, kisha umuulize amebakisha ngapi na angependa kuzitumia kwa nini. Mara nyingi jibu litakuwa mchezo.