Wakili akiharibu kesi yako, nani analipa?

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme "mawakili wanakula pesa za wananchi," na makofi yanapigwa. Swali ambalo halijibiwi ni hili: wakili akizembea ukapoteza haki yako, hasara analipa nani? Wacha tuichambue bila kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ Tuseme umetoka Zombe ukielekea Kitui mjini, matatu ikapinduka, ukavunjika mguu. Sheria inakupa miaka 3 ya kushtaki. Gari likiwa la serikali, ni miezi 12 tu. Wakili ulimpa karatasi zote mapema, yeye akazikalia hadi muda ukaisha. Mwenye matatu sasa amepona. Wa kudaiwa ni wakili wako.

3/ Ndiyo maana kuna bima ya makosa ya kazi. Kanuni za 2004 chini ya Sheria ya Mawakili zinamtaka kila wakili wa ofisi ya kibinafsi awe na bima isiyopungua shilingi milioni 1.

4/ Sasa piga hesabu. Bima ya lazima ya magari inaweza kumlipa abiria aliyeumia hadi milioni 3. Yaani kesi yako inaweza kuwa ya milioni 3, na aliyeipoteza ana bima ya milioni 1. Hizo 2 zilizobaki utamdai yeye mwenyewe. Kama hana kitu, unabaki na hukumu mkononi na mguu mbovu.

5/ "Lakini alinisainisha ati hatawajibika akikosea." Hiyo karatasi haina nguvu. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili hakitambui mkataba wa kumwondolea wakili lawama ya uzembe.

6/ Pia si rahisi kushinda. Lazima uonyeshe korti kwamba wakili alizembea, halafu uonyeshe kwamba ile kesi ya kwanza ungeishinda. Ni kesi ndani ya kesi. Kwa hivyo tunza P3, karatasi za hospitali na abstrakti ya polisi.

7/ Wizi ni jambo lingine. Wakili akipokea fidia yako na kuila, kwa kawaida bima haimlipii mtu uhalifu wake. Hapo unaenda kwa Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na jopo la nidhamu linaweza kuamuru ulipwe hadi milioni 5. Afrika Kusini wana mfuko maalum wa kulipa walioibiwa na mawakili. Huo ndio mjadala ningependa kuusikia jukwaani.

8/ "Basi kiwango kipandishwe!" Uingereza kiwango cha chini ni pauni milioni 2. Lakini Marekani majimbo mengi hayalazimishi kabisa. Oregon ililazimisha tangu 1978, Idaho ikafuata 2018. Na bima ikipanda bei, wakili mchanga mwenye chumba kimoja Kitui ataiongeza kwa ada yako, ama afunge ofisi, nawe uanze kutafuta wakili Nairobi. Mimi naona milioni 1 ya 2004 haitoshi leo. Anayetaka ipandishwe atuambie pia nani atabeba gharama.

9/ Jambo moja watu hawajui: bima ya aina hii kawaida huangalia siku dai linapoletwa, si siku kosa lilipofanyika. Wakili akiacha kazi na bima ikaisha, dai lako linaweza kukosa pa kushika. Ukigundua kosa, usingoje.

10/ Kabla hujalipa hata shilingi, muulize: una cheti cha mwaka huu? Bima yako ni ya kiasi gani, inaisha lini? Si kumkosea heshima. Halafu andika tarehe ya ajali kwa kalenda yako mwenyewe, uhesabu miaka 3. Hiyo tarehe usimwachie mtu.

Mwenye swali aulize hapa chini.