Buffalo ya jeshi, taa mbovu na kikosi cha Zambia kilichoishia baharini

JANUARI 2024 pale San Pedro, Ivory Coast, Patson Daka alituumiza. Zambia walikuwa pungufu tangu kipindi cha kwanza, Simon Msuva alishafunga mapema, na Taifa Stars ilibakiza dakika chache kupata ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye fainali za AFCON. Dakika ya 88, kona, kichwa, 1-1. Nilizima simu nikalala na hasira zangu.

Baadaye hasira zilipopoa nikawa nafikiria jambo lingine kabisa. Mwaka 1993 kulikuwa na kikosi kingine cha Zambia kilichotakiwa kutua Ivory Coast. Hakikuwa na mechi huko, kilitakiwa kushuka Abidjan kujaza mafuta tu, kisha kiendelee kwenda Dakar kucheza na Senegal kufuzu Kombe la Dunia la 1994. Hakikufika.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Habari za kikosi hicho nilizisikia kwa wazee wa kijiweni, na kila mara zilikuwa fupi: ndege mbovu ya jeshi, ilizeeka, ikaanguka, wakafa wote. Nilipokaa kuifuatilia vizuri nikakuta 'ilizeeka' ndilo neno lenye matatizo.

Iko hivi. Jumapili ya Aprili 25, 1993, Zambia iliichapa Mauritius mabao 3-0 ugenini kufuzu AFCON, straika Kelvin Mutale akifunga yote matatu. Jumanne ya Aprili 27 walikuwa tena angani. Chama cha soka hakikuwa na fedha za kuwakatia tiketi za ndege za abiria watu wote wale, shaba ilishuka bei na nchi ilikuwa imekaukiwa. Kama ilivyokuwa kawaida, timu ikapewa ndege ya Jeshi la Anga.

Ndege yenyewe ni DHC-5 Buffalo, iliyotengenezwa Canada. Wajeda wetu wa Afrika Mashariki wanaijua, Kenya na Tanzania nazo zilizinunua. Ni ndege ya kazi: ina injini mbili za panga, inapaa na kutua kwenye kiwanja kifupi cha vumbi, inabeba askari, magunia, majeruhi. Kwa kazi hiyo hakuna wa kuilaumu. Lakini kuvuka nayo nusu ya bara, safari ya zaidi ya kilomita 5,000, ni sawa na kuchukua fuso ya mizigo uende nayo Johannesburg ukiwa umekaa nyuma. Haina mbio na haifiki mbali bila mafuta. Ndiyo maana ratiba ilikuwa na vituo vitatu: Brazzaville, Libreville, Abidjan.

Kwenye ndege walikuwemo watu 30, kati yao wachezaji 18. Kipa Efford Chabala na kiungo Derby Makinka walikuwemo kwenye kikosi cha Olimpiki ya Seoul 1988, kile kilichoipiga Italia 4-0 dunia ikabaki mdomo wazi. Mutale na mabao yake ya juzi alikuwemo. Kocha alikuwa Godfrey Chitalu, ambaye Wazambia wanashikilia kwamba alifunga mabao 107 kwa mwaka mmoja wa 1972 (ubishani huo na mashabiki wa Lionel Messi tuuache kwa leo). Msaidizi wake Alex Chola, na rais wa chama Michael Mwape, nao walipanda.

Kalusha Bwalya hakuwemo. Alikuwa PSV Eindhoven, na mastaa wa Ulaya walikuwa wajitafutie njia yao kwenda Dakar. Charles Musonda wa Anderlecht alikuwa majeruhi.

Sasa tuje kwenye ndege, maana hapa ndipo penye kesi.

Buffalo ile ilitengenezwa mwaka 1975, kwa hiyo siku ile ilikuwa na miaka 18. Ukiwa shabiki wa mpira, 18 ni kinda. Kwa ndege pia si uzee. Canada wenyewe walizitumia Buffalo zao kuanzia miaka ya 1960 hadi Januari 2022, zaidi ya nusu karne, milimani na kwenye theluji. Marekani bado inarusha B-52 ambazo ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962, na ina mpango wa kuendelea nazo hadi miaka ya 2050. Rubani wa leo anaweza kuwa anarusha dege aliloliendesha babu yake.

Kwa hiyo swali la miaka mingapi halitoshi. Ndege hukaguliwa kwa saa ilizoruka na mara ilizopaa na kutua, vipuri vinang'olewa kwa ratiba hata kama bado vinaonekana vizima. Ukifuata ratiba hiyo, ndege inadunda miaka na miaka. Ukiiacha imekaa chini kwa kukosa fedha za vipuri, hapo unaiua. Unyevu unaingia, mipira ya kuzuia mafuta inakauka, kutu inaanza kula nyaya. Ni kama beki aliyekaa nje miezi mitano kwa goti halafu unampanga dakika 90 bila mazoezi.

Na miezi mitano ndiyo hasa Buffalo ile ilikaa. Ilisimama tangu mwishoni mwa 1992, ikarudi angani Aprili 21, 1993. Siku sita baadaye ikapewa timu ya taifa. Ukaguzi ulionyesha chembe za kaboni kwenye vichujio vya oili, nyaya zilizochomoka na dalili za joto kali kwenye injini. Safari ikaendelea.

Brazzaville, kituo cha kwanza, injini ikaonekana ina tatizo. Safari ikaendelea.

Libreville walijaza mafuta, wakapaa usiku. Dakika chache tu, injini ya kushoto ikashika moto na kuzimika. Ndege ya injini mbili inaweza kubaki hewani kwa moja, marubani hufundishwa hilo kila siku, ila sharti utambue haraka ipi imekufa uizime kabisa. Rubani akaizima ya kulia. Ile nzima. Kocha anapomtoa mchezaji mzima akamwacha majeruhi uwanjani, tunamzomea, wiki ijayo kuna mechi nyingine. Buffalo ilikuwa bado inapanda, imejaa mafuta, haina injini hata moja. Ilianguka baharini mita 500 kutoka ufukweni. Hakuna aliyepona.

Ripoti ya Gabon ilitoka mwaka 2003. Miaka kumi! Ilisema rubani alikosea, alikuwa amechoka kwa sababu siku iliyotangulia alikuwa ameruka kutoka Mauritius, na kwamba taa ya tahadhari ilikuwa mbovu. Taa tu.

Ukidhani ni bahati mbaya ya Afrika, nenda Peru. Desemba 8, 1987, Alianza Lima, vinara wa ligi, walikuwa wanarudi nyumbani kutoka Pucallpa na ushindi wa 1-0. Waliruka na Fokker ya jeshi la majini. Karibu na Lima, taa ya chumba cha marubani haikuwathibitishia kama magurudumu yameshuka. Wakazunguka ili watu wa mnara wawaangalie kutoka chini, giza, wakapiga maji. Kati ya watu 44 alipona rubani peke yake. Kipa aliyekufa, José González Ganoza, ni mjomba wa Paolo Guerrero, yule straika tuliyemwona Bayern Munich. Jeshi lilifungia ripoti yake hadi ilipoibuliwa mwaka 2006, na humo yakakutwa yaleyale: matunzo duni, na rubani asiye na uzoefu wa kutosha wa kuruka usiku.

Hapo ndipo ndege za jeshi zinapotofautiana na ya shirika la abiria. Ya abiria ikiwa na kasoro, kuna mamlaka ya nje inayoweza kuizuia isiondoke. Ya jeshi inakaguliwa na jeshi, inaruhusiwa na jeshi, na ikianguka inachunguzwa na jeshi. Mchezaji wa miaka 22 mwenye begi lake la viatu atamuuliza nani?

Zambia waliunda timu nyingine ndani ya wiki chache. Kalusha akawa nahodha, Denmark ikawasaidia kambi. Walikosa Kombe la Dunia kwa kufungwa 1-0 na Morocco pale Casablanca, sare tu ingewapeleka Marekani. Aprili 1994 wakacheza fainali ya AFCON na kufungwa 2-1 na Nigeria. Februari 2012 kina Christopher Katongo wakaenda kuweka maua ufukweni Libreville, na siku chache baadaye katika jiji hilohilo wakaifunga Ivory Coast kwa penalti 8-7 na kubeba kombe. Kalusha, aliyekuwa rais wa chama wakati huo, alikuwepo.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anapenda kusimulia, na ni tamu kweli. Familia za marehemu zilikuwa na hesabu nyingine. Zilipigana mahakamani kwa miaka kupata fidia, na kwa miaka mingi zaidi zimeitaka serikali yao itoe ripoti kamili ya upande wa Zambia. Gabon ilieleza kilichotokea juu ya bahari. Wanachotaka wao ni jina la aliyesaini karatasi Lusaka, asubuhi ile, akiwa ameshaona vile vichujio vya oili.